Somo la 6: Habari Mbaya na Moyo Mtulivu

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Juma Hili: Waamuzi 18:7–10, 27, 28, Nehemia 1:1–11, Nehemia 6:1–9, Matendo 17:16–21, Mathayo 24:3–14, 2 Wafalme 19:8–20.

Fungu la Kukariri: Zaburi 112:7. Lisome kila asubuhi juma hili mpaka uweze kulisema bila kufungua Biblia.

Chukua mfano wa mzee wa kanisa katika kata ya Ruanda, wilayani Mbinga. Ni mkulima wa kahawa. Kwa miaka mingi redio yake ndogo imekuwa ikiamka kabla ya jogoo. Kila alfajiri anasikia ajali za mabasi, vita vya Kongo, mafuriko, mauaji. Akienda shambani anatembea nayo moyoni, akilala anayaota. Siku moja anatoa betri kwenye redio na kuzitia kwenye tochi.

“Baba, redio imeharibika?” mke wake anamwuliza.

“Redio haijaharibika, mama. Dunia ndiyo imeharibika. Kuanzia leo nataka amani.”

Na amani anaipata, angalau mwanzoni. Usingizi unarudi. Anacheka na wajukuu. Waumini wengine wanamsifu, wakisema kwamba anayeacha kufuatilia mambo ya dunia amesogea karibu zaidi na mbingu.

Je, ndivyo ilivyo? Je, mtu huishi kwa furaha zaidi akiziba masikio yake asisikie habari? Biblia ina watu waliosikia habari mbaya wakazimia moyo, waliozikimbia, waliozitafuta, na waliozipokea wakasimama imara. Juma hili linawatazama watu hao ili kupata tofauti kati ya utulivu wa asiyejua na amani ya anayejua na kumtumaini Mungu.

Jifunze somo la juma hili kujiandaa kwa Sabato ijayo.


JUMAPILI
Utulivu wa Laishi

Soma Waamuzi 18:7–10, 27, 28. Watu wa Laishi waliishi maisha ya namna gani? Walikosa nini siku ya hatari?

Wapelelezi watano wa kabila la Dani walifika Laishi wakakuta mji unaopendeza. Watu wake walikuwa watulivu, wenye mali, wasio na hofu. Walikaa mbali na Wasidoni, wala hawakuwa na shughuli na mtu yeyote. Kosa la damu iliyomwagika baadaye ni la waliomwaga, si la waliouawa. Mwandishi wa Waamuzi anaandika habari za siku ambazo kila mtu alifanya alivyopenda. Hata hivyo anarudia jambo moja mara mbili: mji huo haukuwa na uhusiano na mtu. Hakuna aliyewaletea habari kwamba wavamizi wako njiani, na hakuna aliyekuja kuwaokoa. Utulivu wao ulikuwa wa kweli, lakini haukuwa na ukuta.

Jambo linalokaribiana na hilo lilitokea katika mwambao wa Ziwa Nyasa, siku moja ya Agosti 1914. Bandari ya Liuli, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen, ilikuwa kimya. Meli ya Kijerumani, Hermann von Wissmann, ilikuwa imevutwa nchi kavu ikifanyiwa matengenezo. Nahodha wake, Berndt, alikuwa rafiki wa nahodha Mwingereza aliyeitwa Rhoades, na wawili hao walizoea kukutana na kunywa pamoja. Ghafla meli ya Rhoades, Guendolen, ikatokea na kufyatua mzinga. Berndt akaruka ndani ya mtumbwi mdogo, akapiga makasia kwa hasira kwenda kumwuliza rafiki yake kama amelewa. Ndipo akaambiwa kwamba nchi zao ziko vitani. Habari ilikuwa imemfikia Rhoades. Berndt haikuwa imemfikia. Akachukuliwa mateka palepale.

Asubuhi ile Berndt aliamka akiwa na amani. Kutojua kwake hakukuzuia vita wala hakukumpa hata saa moja ya kujiandaa. Mwisho wa vita hivyo ulileta somo lilelile kwa njia nyingine. Mapatano yalitiwa sahihi Ulaya tarehe 11 Novemba 1918, lakini katika nchi ambayo leo ni Zambia majeshi ya Jenerali von Lettow-Vorbeck na ya Waingereza yaliendelea na vita mpaka ujumbe ulipowafikia siku mbili baadaye. Safari hii habari iliyochelewa ilikuwa habari njema.

Je, ni jambo gani katika familia yako, kanisa lako au kijiji chako ambalo hutaki kulisikia? Je, kutolisikia kumelifanya liondoke?


JUMATATU
Mtu Aliyeuliza

Soma Nehemia 1:1–11. Nani alianza mazungumzo kuhusu Yerusalemu? Nehemia alifanya nini baada ya kusikia?

Nehemia alikuwa mnyweshaji wa mfalme katika ngome ya Shushani. Alikuwa na kazi nzuri, chakula kizuri na usalama. Yerusalemu ulikuwa mbali, safari ya miezi. Kama kuna mtu aliyeweza kuishi bila habari za Yuda, ni yeye. Lakini Hanani na wenzake walipofika, Nehemia ndiye aliyewauliza. Jibu lilimfanya aketi, alie na kufunga. Kwa siku nyingi alipoteza furaha yake, na ilionekana hata usoni pake mbele ya mfalme. Kutoka mwezi wa Kisleu mpaka Nisani, yaani karibu miezi minne, aliendelea kuomba. Kisha akaomba ruhusa, akasafiri, na ukuta ukamalizika kwa siku 52 (Nehemia 6:15).

Laiti Nehemia angechagua usingizi mzuri, ukuta ungebaki magofu. Huzuni yake haikuwa ugonjwa wa kutibiwa kwa kuzima habari. Ilikuwa mzigo ambao Mungu aliuweka moyoni mwa mtu aliyekuwa na nafasi ya kusaidia.

Mzee wa Ruanda naye ana wanaomtegemea. Bei ya kahawa yake haipangwi Mbinga peke yake. Julai 1989, mpango wa kimataifa uliokuwa ukidhibiti mauzo ya kahawa ulipovunjika, bei iliporomoka duniani kote, na wakulima wa Mbinga wakaumia pamoja na wa Kilimanjaro na Kagera. Katikati ya mwaka 1994 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazili, na bei ikapanda. Habari ya nchi ya mbali inaweza kuwa karo ya mtoto.

Katika mfano huu, mzee hajui bei inaelekea wapi. Mnunuzi anakuja nyumbani na fedha taslimu wakati kahawa bado iko mtini, ananunua kwa magoma, na mzee anakubali. Wiki chache baadaye jirani aliyesubiri akapeleka kahawa yake kwenye chama cha msingi anapata zaidi. Binti wa mzee, aliyetazamiwa kwenda kidato cha tano, anaambiwa asubiri mwaka mmoja.

Mzee amepata usingizi, lakini aliyeulipia ni binti yake. Ndiyo sababu swali la furaha haliwezi kuulizwa na mtu mmoja kwa ajili yake mwenyewe tu. Wazee wanakumbuka jinsi kaya nyingi zilivyonyamaza wakati Radio Tanzania Dar es Salaam ilipotoa matangazo ya vifo. Watu hawakusikiliza kwa sababu walipenda misiba. Walisikiliza ili wasikose kwenda kuzika.

Paulo anaagiza waumini walie pamoja nao waliao (Warumi 12:15). Mtu atawezaje kulia pamoja na wengine kama amejiapiza asisikie kilio chao?


JUMANNE
Soko la Athene

Soma Matendo 17:16–21. Luka anasema Waathene na wageni wao walitumia nafasi yao kwa jambo gani? Kwa nini hilo halikuwasaidia?

Kama Biblia ingeishia kwa Nehemia, jibu lingekuwa rahisi: sikiliza kila habari. Lakini Luka anauchora mji mwingine. Waathene walikuwa na shughuli moja, kusema na kusikia jambo jipya. Habari iliingia ikatoka. Paulo alipowahubiri ufufuo, baadhi walicheka, wengine wakasema watamsikiliza siku nyingine. Ni wachache tu walioamini. Masikio yaliyozoea kusikia kila kitu yalikuwa magumu kuguswa na kitu kimoja.

Leo soko la Athene limo ndani ya simu. Kundi la kwaya, kundi la ukoo, kundi la wafanyabiashara, kila moja linaleta picha za ajali, video za vita na sauti za mtu asiyejulikana akionya jambo. Mwili wa mwanadamu haukuumbwa kubeba misiba ya dunia nzima kabla ya kunywa chai.

Mambo haya yamechunguzwa. Watafiti nchini Uingereza walichapisha mwaka 1997 matokeo ya jaribio ambalo watu walitazama taarifa za habari za dakika 14. Waliotazama habari mbaya hawakuhuzunika tu. Walianza pia kuyakuza matatizo yao ya nyumbani, ambayo hayakuhusiana na habari walizoziona. Huko Marekani, baada ya mabomu kulipuka katika mbio za marathoni za Boston, Aprili 2013, ilionekana kwamba watu waliofuatilia tukio hilo katika vyombo vya habari kwa saa 6 au zaidi kwa siku walikuwa na dalili za msongo kuliko hata watu waliokuwapo mahali pale. Si ajabu kwamba wengi wanakimbia. Katika uchunguzi wa Taasisi ya Reuters uliofanyika katika nchi 47 mwaka 2024, Kenya ikiwemo, watu 39 kati ya kila 100 walisema kwamba wakati mwingine au mara nyingi wanaepuka habari. Mwaka 2017 walikuwa 29.

Kwa hiyo mzee wa Ruanda hakuwa mvivu wala mjinga alipotoa betri. Alikuwa amelemewa. Kosa lake lilikuwa katika tiba, si katika kutambua ugonjwa. Mtu aliyevimbiwa hushauriwa apunguze chakula na achague kinachomfaa. Hashauriwi aache kula.

Tofauti kati ya Nehemia na Waathene haiko katika wingi wa habari peke yake. Nehemia alisikia habari moja, akaibeba kwa miezi minne mpaka ikawa ukuta. Waathene walisikia mia, wasibebe hata moja.

Fikiri juu ya habari ulizosikia jana. Ni ipi iliyokufanya umwombee mtu, umtembelee au umsaidie? Ni ngapi zilizopita tu na kukuachia hofu?


JUMATANO
Vita, na Uvumi wa Vita

Soma Mathayo 24:3–14 na Nehemia 6:1–9. Yesu alisema wanafunzi wake watasikia nini, na wafanye nini wakisikia? Nehemia aliijibuje barua ya Sanbalati?

Yesu hakuwaahidi wanafunzi wake masikio yaliyozibwa. Aliwaambia waziwazi kwamba watasikia habari za vita na matetesi ya vita, na akawaagiza wasitishwe. Amri hiyo haina maana kwa mtu asiyesikia chochote. Ni amri kwa wanaosikia.

Mwambao ule ule wa Ziwa Nyasa ulipata nafasi ya kujifunza jambo hili karibu miaka 100 baada ya mzinga wa Liuli. Mwaka 2012 mgogoro wa mpaka kati ya Tanzania na Malawi uliibuka upya. Malawi ilikuwa imetoa kibali cha kutafuta mafuta ziwani, ikidai kwamba kwa mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890 ziwa lote la kaskazini ni lake mpaka ufukweni. Tanzania ilisema mpaka uko katikati ya maji. Maneno makali yalisikika, na Agosti mwaka huo watu wengi walizungumza habari za vita. Mvuvi wa Mbamba Bay, ambaye ana shangazi ng’ambo na anavua katika maji yale yale na ndugu zake, alikuwa na kila sababu ya kujiuliza kama alale nyumbani au ahame.

Vita havikuja. Rais Jakaya Kikwete aliwaambia wananchi kwamba Tanzania haina mpango wa kupigana na jirani yake, na nchi hizo mbili zikapeleka suala lao kwa viongozi wastaafu wa Afrika wakiongozwa na Joaquim Chissano. Mwaka 1914 vita vilikuja bila habari. Mwaka 2012 habari zilikuja bila vita. Aliyejifunza somo la kwanza tu atatishwa na kila tetesi. Aliyejifunza la pili tu atakutwa kwenye mtumbwi wake akimwuliza adui kama amelewa.

Nehemia alijua yote mawili. Mtu yule yule aliyetafuta habari za Yerusalemu alipokea barua ya wazi iliyosema kwamba mataifa yote yanazungumza juu ya uasi wake. Hakukimbia, wala hakuisambaza. Alijibu kwamba mambo hayo yametungwa, akamwomba Mungu nguvu, akarudi ukutani. Kabla ya hapo alikuwa amesema kazi yake ni kubwa, hawezi kushuka.

Waadventista wana sababu ya pekee ya kuwa waangalifu hapa. Wapo wanaopokea kila tetemeko na kila mkutano wa wakubwa kama saa ya ukutani, wakahesabu siku zilizobaki. Huzuni ya tarehe 22 Oktoba 1844 inatosha kufundisha. Katika Mathayo 24, baada ya vita, njaa na matetemeko, Yesu anaitaja habari nyingine, injili ya ufalme, itakayohubiriwa kwa mataifa yote. Hiyo ndiyo habari inayotangulia mwisho, na hiyo ndiyo waumini wameagizwa kuisambaza.

Kabla ya kutuma ujumbe wa kutisha kwa wengine, jiulize: Nani ameusema? Ameona au amesikia? Nikikosea, nani ataumia? Linganisha na Kutoka 23:1 na Mithali 14:15.


ALHAMISI
Barua Mbele za Bwana

Soma 2 Wafalme 19:8–20 na Zaburi 112. Hezekia aliifanyia nini barua ya mfalme wa Ashuru? Mwenye haki wa Zaburi 112 anafananaje naye?

Barua iliyomfikia Hezekia haikuwa uvumi. Ashuru ilikuwa imeteka miji mingi, na jeshi lake lilikuwa limekwisha kufika Yerusalemu. Hezekia angeweza kuitupa motoni, kama Yehoyakimu alivyofanya baadaye na gombo la Yeremia (Yeremia 36:23). Hakufanya hivyo. Aliisoma yote. Kisha akapanda nyumbani mwa Bwana, akaikunjua mbele zake. Katika sala yake hakupunguza ukweli. Alikiri kwamba wafalme wa Ashuru wameharibu mataifa kweli. Tena alitaja jambo ambalo barua haikulijua, kwamba Mungu wa Israeli ndiye aliyeziumba mbingu na nchi.

Zaburi 112 inamweleza mtu kama huyo. Haisemi kwamba habari mbaya hazimfikii. Inasema haziogopi, kwa sababu moyo wake umeshikamana na Bwana. Angalia pia mikono yake katika zaburi hiyo: anakopesha, anagawa, anawapa maskini. Mtu asiyeogopa habari ni mtu ambaye mikono yake ina kazi.

Kutoka kwa Nehemia na Hezekia yanapatikana mambo manne ya kufanya kila siku.

Kwanza, Neno litangulie. Anayefungua Zaburi kabla ya redio au simu anasikia habari za dunia akiwa amekwisha kusikia ni nani anayetawala.

Pili, weka saa. Taarifa moja ya asubuhi na moja ya jioni kutoka kwa chombo kinachoaminika inatosha watu wengi. Simu isilale kitandani.

Tatu, chagua zinazokuhusu. Mvuvi wa Liuli anahitaji kusikia tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa kuhusu upepo na mawimbi kabla ya kuingiza mtumbwi wakati wa mwera. Mkulima anahitaji bei ya kahawa. Mzazi anahitaji kujua kama kuna kipindupindu. Hahitaji kutazama video ya mauaji mara tatu.

Nne, kila habari nzito ipewe sala na, ikiwezekana, tendo. Jina la mahali palipopata mafuriko liandikwe kwenye karatasi ya maombi. Mchango uwe mdogo, lakini uwe. Habari iliyopata pa kwenda haibaki ndani ikioza.

Mwisho wa mfano, mzee wa Ruanda anamwambia binti yake, “Mwanangu, nimekukosea. Nilidhani nanunua amani.” Binti anajibu, “Baba, mimi nitakusomea bei kwenye simu, wewe utatuombea wote.” Jioni betri zinarudi kwenye redio. Inafunguliwa kwa taarifa moja, kisha inazimwa, na familia inapiga magoti. Usingizi unarudi polepole. Hasara ya msimu ule hairudi.


IJUMAA
Kwa Kujifunza Zaidi: Soma sura zinazomhusu Nehemia katika kitabu cha Ellen G. White, Manabii na Wafalme, pamoja na Isaya 58:6–14.

Mungu amekwisha kuwapa watu wake siku ya kuzima redio. Jua linapotua leo, malori ya makaa ya mawe yatanyamaza masikioni mwa anayeitunza Sabato, bei za mnadani zitasubiri, na wakubwa wa dunia watasema bila yeye kusikia. Jumapili asubuhi atakuta dunia bado inazunguka, ingawa hakuilinda. Huo ni ushahidi wa kila juma kwamba mlinzi ni mwingine.

Lakini Isaya 58 inaiunganisha furaha ya Sabato na kuwafungua walioonewa na kumgawia mwenye njaa mkate. Pumziko la Sabato si ukuta wa kumficha muumini asiwaone wenye shida. Linamtia nguvu ili siku ya kwanza ya juma aweze kuwatazama tena. Laishi ilikuwa na utulivu wa siku zote, bila Mungu wa kuulinda wala jirani wa kuulilia. Sabato ni siku moja kati ya saba, na anayetoka ndani yake anarudi kwa watu.

Je, kuepuka habari huleta maisha yenye furaha zaidi? Kupunguza habari kunaweza kumpa mtu usingizi, na usingizi ni zawadi ya Mungu. Kujificha kabisa humpa utulivu unaoisha siku adui anapofika, au unaolipwa na mtu mwingine nyumbani. Furaha inayodumu hupatikana kwa anayesikia ya kutosha ili apende, na anayemtumaini Mungu vya kutosha ili asiogope.

Maswali ya Kujadili:

1. Linganisha watu wa Laishi na Nehemia akiwa Shushani. Wote walikuwa na usalama na raha. Nini kiliwatofautisha?

2. Baridi ya Brazili mwaka 1994 ilikuwa msiba kwa wakulima wa huko na nafuu kwa wakulima wa Mbinga. Mkristo apokeeje habari ambayo ni njema kwake na mbaya kwa mwingine? Tazama Mithali 24:17 na Wafilipi 2:4.

3. Katika darasa lenu kuna mtu ambaye habari zimemlemea mpaka hali chakula wala halali vizuri. Mnawezaje kumsaidia bila kumwambia kwamba imani yake ni ndogo?

4. Kundi la simu la kanisa lenu hutuma habari za namna gani? Kubalianeni juu ya jambo moja mtakaloacha kutuma na jambo moja mtakaloanza kutuma.

5. Wakoma wanne wa Samaria (2 Wafalme 7:9) walisema nini kuhusu kunyamaza siku ya habari njema? Nani katika mtaa wenu bado hajaisikia?